Kikombe cha Kwanza Hutoka Nyumbani

(Hotuba kwa wazazi, wazee na mabalozi wa nyumba kumi kumi, mkoani Kilimanjaro)



Wengi wenu kwa umri ni baba zangu na mama zangu. Mimi sijafikisha miaka 30. Chuo cha ualimu kilinifunza namna ya kumfundisha mtoto, na Chama kimenituma kutembea nyumba kwa nyumba kuwasikiliza watu. Kwa kuwa nimetumwa, sina budi kusema. Na kwa kuwa mimi ni mdogo, nitasema kwa adabu.

Jambo lililonileta ni pombe kwa watoto wetu. Sikuja kumhukumu mtu mzima anayekunywa kikombe chake baada ya kazi. Hilo ni shauri lake yeye, mkewe, dini yake na mfuko wake. Nazungumza juu ya mtoto: yule wa darasa la sita, yule wa kidato cha pili, yule aliyemaliza shule mwaka jana na sasa anashinda kijiweni. Huyu hana haki ya kunywa, nasi hatuna haki ya kumnywesha.

Tunapozungumza juu ya ulevi wa watoto, mara nyingi tunatafuta mtu wa kumlaumu. Tunamlaumu mwenye baa. Tunawalaumu vijana wa bodaboda. Tunaulaumu mji, runinga na simu. Kila mmoja wa hao ana sehemu yake ya lawama, sikatai. Lakini nataka tujiulize swali moja kwanza: Kikombe cha kwanza kabisa, mtoto alikipokea mkononi mwa nani?

Ndugu zangu, mara nyingi sana hakukipokea kwa mgeni. Alikipokea kwa mjomba siku ya arusi. Alikipokea kwa babu aliyemwita, "Njoo mjukuu wangu, onja kidogo." Alikipokea kwa baba aliyemtuma kilabuni na chupa ya plastiki, naye njiani akanywa funda mbili ili apime ladha. Alikipokea katika sherehe ya kipaimara chake mwenyewe, meza ilipokuwa imejaa kreti za bia na hakuna aliyehesabu nani amechukua nini. Kikombe cha kwanza hutoka nyumbani. Na kama hutoka nyumbani, basi nyumbani ndiko kinakoweza kuzuiwa.

MILA ILIKUWA NA UZIO

Wako watakaoniambia: "Kijana, wewe wataka kututenga na mila zetu. Mbege ni chakula chetu. Sisi tumekua nayo."

Nawaheshimu wasemao hivyo, nami najibu hivi. Mbege ni kazi ya akili na ya mikono. Ndizi huivishwa, hupikwa na kuachwa zichachuke. Ulezi huoteshwa, hukaushwa na kusagwa. Gome la msesewe hutiwa ili kuleta uchungu. Kazi hiyo huchukua siku nyingi. Kwa sababu ilichukua siku nyingi, na kwa sababu ulezi na ndizi havikuwa vya kuchezea, mbege haikuwa kitu cha kunywa ovyo kila siku. Ilikuwa ya arusi, ya matanga, ya kazi ya pamoja, ya kupatanisha waliogombana. Kata ilizunguka kwa utaratibu, kuanzia kwa wakubwa. Kazi ya kijana ilikuwa kuhudumia na kusikiliza maneno ya wazee.

Hiyo ndiyo mila. Mila ilikuwa pombe pamoja na uzio wake. Leo uzio umebomoka, pombe imebaki. Mtoto anaweza kuinunua saa nne asubuhi kwa fedha ya daftari. Anaweza kuinywa nyuma ya kibanda pasipo mzee, pasipo arusi, pasipo patano lolote. Kwa hiyo anayetetea mila na atetee yote, pamoja na uzio. Anayetetea kikombe peke yake hatetei mila, anatetea kikombe.

Tena tusisahau tulikotoka. Kwa miaka mingi ya utawala wa Kiingereza palikuwa na sheria zilizomkataza Mwafrika vinywaji vikali vya Kizungu. Sheria hizo hazikutazama umri wa mtu, zilitazama rangi yake. Mzee mwenye wajukuu alihesabiwa kama mtoto, na kijana wa Kizungu akahesabiwa kama mtu mzima. Tulizichukia sheria hizo, na tulikuwa na haki ya kuzichukia. Lakini jambo ninaloliomba leo ni tofauti kabisa. Hapa hakuna rangi wala kabila. Kuna mtoto na kuna mtu mzima. Wala hapaji bwana mkubwa kutuamrisha. Twajiwekea mpaka sisi wenyewe, kwa ajili ya watoto tuliowazaa sisi wenyewe. Taifa huru hujitambulisha kwa namna hiyo.

KWA NINI MTOTO ASINYWE

Sasa nizungumze kama mwalimu. Wako wanaodhani tofauti ya mtoto na mtu mzima ni kimo tu. Kwamba kijana wa miaka 15 akishamzidi baba yake urefu, anaweza kunywa kama baba yake. Sivyo. Ubongo wa mwanadamu hauishi kukua mtu anapoota ndevu. Unaendelea kujijenga hata mtu anapopita miaka 20, na sehemu inayochelewa kukomaa ni ile ya kupima hatari, kujizuia na kufikiri kesho itakuwaje. Pombe hulegeza hasa uwezo huo. Kumpa pombe mtoto ni kumlegezea breki dereva ambaye gari lake bado halijamaliza kufungwa breki.

Iko hesabu iliyofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 1997. Watafiti waliwauliza watu wazima wengi walianza kunywa wakiwa na umri gani, kisha wakatazama wangapi wamewahi kuwa watumwa wa pombe. Miongoni mwa walioanza kabla ya kufika miaka 15, zaidi ya 40 katika kila 100 walikuwa wamefikia hali hiyo. Miongoni mwa walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi, walikuwa kama 10 katika kila 100. Sisemi kwamba kila mtoto anayeonja atakuwa mlevi. Nasema kwamba kila mwaka tunaomcheleweshea mtoto kikombe cha kwanza ni mwaka tuliomwongezea kinga.

Wako wazazi wema wanaofikiri hivi: "Afadhali nimwonjeshe mwenyewe nyumbani, ajue kiasi, kuliko akajifunze barabarani." Ni fikira ya mapenzi, lakini ilipopimwa haikusimama. Huko Australia watafiti waliwafuata vijana 1,927 pamoja na wazazi wao, tangu vijana wakiwa na kama miaka 13 hadi karibu miaka 18, na majibu yakatangazwa mwaka 2018. Vijana walioonjeshwa na wazazi hawakuonekana kupata kinga yoyote. Tena walikuwa wepesi zaidi kupata pombe kwa watu wengine mwaka uliofuata. Kikombe cha baba hakikufunga mlango, kiliufungua.

Na hapa kwetu? Watafiti waliowauliza vijana wa miaka 15 hadi 24 katika mikoa ya Kilimanjaro na Mwanza, na kuchapisha taarifa yao mwaka 2015, waliona kuwa unywaji ulikuwa mkubwa zaidi Kilimanjaro. Mkoa wetu husifiwa kwa shule, kwa kahawa na kwa bidii. Sipendi usifiwe kwa jambo hili pia.

Mwalimu Nyerere alizoea kututajia maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Mtoto anayekunywa amewakaribisha wote watatu kwa mkupuo mmoja. Darasani anasinzia: huo ni ujinga. Mwili wake unaharibika, naye akishalewa huangukia katika ajali, ugomvi na mimba ambazo hakuzipanga: hayo ni maradhi na mateso. Na fedha anayoipata kwa kubeba mizigo sokoni yaishia kilabuni kabla haijafika kwa mama yake: huo ni umaskini. Karibu nusu ya wananchi wa Tanzania ni watoto walio chini ya miaka 18. Tukiwapoteza hao, tutajenga Taifa na nani?

Nisiache kutaja gongo. Pombe hii hukorogwa gizani, na mnywaji hawezi kujua kilichomo. Ikichanganywa na spiriti za viwandani huleta upofu na kifo. Mwezi wa Novemba mwaka 2000, katika vitongoji vya maskini vya Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya namna hiyo katika siku chache, na wengine wakapofuka. Kwa hiyo mtoto akinywa gongo kisha akasema haoni vizuri, au akatapika na kupumua kwa shida, asilazwe ndani "mpaka ilevuke." Apelekwe hospitali saa ile ile, na daktari aambiwe ukweli. Aibu ya mzazi hupita; macho ya mtoto hayarudi.

SHERIA IPO, LAKINI HAILALI NYUMBANI KWAKO

Mtu ataniuliza, "Serikali iko wapi?" Swali ni la haki. Sheria tunayo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kuwa mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na inakataza kumwuzia mtoto pombe. Mwenye baa ana wajibu wa kuhakikisha mtoto haingii.

Tena tumeona sheria ikifanya kazi. Mnavikumbuka viroba, vile vifuko vidogo vya plastiki vilivyojazwa pombe kali. Bei yake ilikuwa ndogo, na udogo wake ulimfaa sana mtoto: aliweza kukificha ndani ya soksi na kuingia nacho darasani. Tangu tarehe 1 Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku vifuko hivyo. Uganda nayo ilifanya hivyo mwaka 2019. Hilo lilikuwa jambo jema, nasi tulisifu.

Lakini tufikiri vizuri. Amri ile ilitoa kifuko dukani. Haikutoa chupa mezani kwetu. Polisi anaweza kuingia baa. Hawezi kukaa katika kila sherehe ya ubatizo. Afisa biashara anaweza kufunga kilabu; hawezi kumzuia mjomba. Sheria huishia penye mlango wa nyumba, na kikombe cha kwanza kiko ndani ya mlango ule. Toka hapo kwenda ndani, mwenye mamlaka ni wewe baba, ni wewe mama, na ni wewe jirani.

WALIOSHINDA WALISHINDA KWA MAPATANO

Je, jambo hili linawezekana, au ni ndoto ya walimu? Nitawatajia nchi moja ya mbali, kisiwa chenye baridi kali huko kaskazini kiitwacho Aisilandi. Mwaka 1998 vijana wa huko wenye miaka 15 na 16 waliulizwa kama wamelewa katika siku 30 zilizopita. Katika kila 100, vijana 42 walijibu ndiyo. Mwaka 2016 waliojibu ndiyo walikuwa 5 tu.

Walifanya nini? Kwanza, waliwauliza watoto wao kweli kweli, shule kwa shule, na majibu ya kila shule wakawarudishia wazazi na walimu wa shule ile, ili asiwepo mtu wa kusema "haya ni ya kwingine." Pili, wazazi waliandikiana mapatano: kwamba hakuna atakayemnunulia mtoto pombe, na hakuna atakayeruhusu karamu ya watoto wasio na mtu mzima. Tatu, waliweka saa ya mtoto kuwa nyumbani usiku, na wazazi wenyewe wakawa wanatembea mitaani jioni kuwatazama watoto, wa kwao na wa wenzao. Nne, waliwapa vijana kazi ya jioni: michezo, muziki, viwanja.

Nakubali kwamba wao ni matajiri kuliko sisi, tena ni watu wachache, hawafiki 400,000. Viwanja vyao vina mapaa; vyetu vina mawe. Lakini tazameni tena orodha ile. Kuandikiana mapatano kunagharimu shilingi ngapi? Kumwuliza mtoto "Unakwenda wapi, na nani, utarudi saa ngapi?" kunahitaji msaada wa nchi gani? Kutembea mtaani jioni kunahitaji miguu, nasi watu wa mlimani miguu tunayo.

Siri yao ilikuwa umoja. Nyumba moja ikikataza peke yake, mtoto husema, "Mbona kwa fulani wanaruhusu?" Na mzazi huchoka, kwa sababu anapigana na mtaa mzima. Nyumba kumi zikikataza pamoja, mtoto hana pa kukimbilia, na mzazi hana haja ya kugombana. Mkono mmoja haulei mwana.

Nasi hatuanzi kutoka mwanzo. Mpango wa nyumba kumi kumi tunao tangu miaka ya 1960. Ulianzishwa ili wananchi wajuane, wasikilizane na walinde eneo lao. Tumeutumia kukagua wageni, kuchanga kwa ajili ya msiba na kusuluhisha mipaka ya mashamba. Je, tushindwe kuutumia kuwalinda watoto?

MAPATANO MATANO

Basi naleta mbele ya mkutano huu mapatano matano. Ni machache makusudi, ili kila mtu aweze kuyakumbuka pasipo karatasi.

La kwanza: Mtoto asitumwe pombe. Asitumwe kununua, asitumwe kubeba, asiwekwe kuhudumia wala kuuza. Mzee akitaka mbege, na aifuate mwenyewe au amtume mtu mzima. Kutembea hakutamwumiza, pengine kutampunguzia idadi ya vikombe.

La pili: Sherehe ya mtoto iwe ya mtoto. Ubatizo, komunyo, kipaimara, mahafali ya darasa la saba na ya kidato cha nne ni siku za watoto. Na iwepo soda, iwepo juisi, iwepo togwa mbichi isiyochacha. Kama watu wazima wanataka pombe katika arusi au sherehe nyingine, awekwe mtu mzima mmoja, mwenye akili zake, wa kuisimamia. Pombe isiachwe mezani kama maji. Nasema hili hasa kwa ajili ya mwezi wa Desemba, ndugu zetu wanaporudi mlimani kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko. Wanakuja na furaha, wanakuja na makreti. Tuwapokee kwa furaha, na tuwaeleze mapatano yetu siku ile ile wanaposhuka garini.

La tatu: Anayemwuzia mtoto tumgomee. Nafahamu kwamba katika mkutano huu wamo akina mama wanaopika mbege na kuiuza, na kwa fedha hiyo wananunua sare, daftari na dawa. Mama zangu, sikuja kuwanyang'anya riziki. Ninyi mwajua kuliko sisi nani anakunywa, nani ameanza juzi, nani ametoroka shule. Mwaweza kuwa walinzi wa kwanza wa mapatano haya. Mama anayemrudisha mtoto mlangoni aheshimiwe, na wateja wakubwa waongezeke kwake. Bali yule anayepokea fedha ya mtoto, aonywe na balozi mara ya kwanza. Akirudia, wakubwa wote wahame kilabu chake, na habari zake zipelekwe penye sheria. Mgomo ni silaha tunayoijua. Haihitaji bunduki wala tusi.

La nne, na hili ndilo gumu kuliko yote: Jirani awe na haki ya kusema. Zamani mtu mzima yeyote aliweza kumwonya mtoto yeyote. Leo jirani akikwambia, "Nimemwona mwanao kilabuni," unamjibu, "Mwanangu? Wewe kwako hakuna wanao?" Jirani ananyamaza. Kesho anamwona tena, ananyamaza tena. Miaka mitatu baadaye unalia, "Mbona hamkuniambia?" Ndugu zangu, tulimfunga mdomo sisi wenyewe. Basi tupatane leo: atakayemwona mtoto wa mwenzake anakunywa, amwongoze nyumbani kwa upole, amwambie mzazi kwa faragha, wala asimtangaze sokoni. Na mzazi, hata kama moyo unamwuma, ajibu neno moja tu: "Ahsante." Hasira akae nayo chumbani. Asiyeweza kusema neno hilo moja atayavunja mapatano yote, kwa maana hakuna atakayemletea habari mara ya pili.

La tano: Jioni ya mtoto iwe na kazi na iwe na mtu. Mtoto asiye na la kufanya atafanyiwa la kufanya na wengine. Vijana wetu wapewe uwanja, hata kama ni wa kusawazisha kwa majembe siku moja ya kujitolea. Kwaya, mpira, madrasa, masomo ya jioni, bustani, ufugaji wa kuku: vyote hivyo ni ukuta. Kanisa na msikiti wasaidie, na walimu wasaidie. Lakini juu ya yote, baba awe nyumbani. Mtoto hafundishwi kiasi na baba anayerudi saa sita usiku akiimba. Baba anayekula chakula cha jioni na wanawe, akawauliza habari za shule na kungoja jibu, amefanya kazi kubwa kuliko hotuba yangu.

NA WALIOKWISHA ANZA?

Wapo watoto ambao kikombe cha kwanza kimekwisha pita. Tuwafanyeje? Njia mbili tumezizoea, nazo hazifai. Ya kwanza ni viboko, ya pili ni kumfukuza. Mtoto aliyepigwa na kufukuzwa huenda wapi? Huenda kule kule alikokaribishwa kwa kikombe. Mtoto huyo na ahesabiwe kama mgonjwa wa nyumba. Akae karibu na mtu mzima anayemwamini, awe shangazi, mwalimu, mchungaji au shehe. Aulizwe nini kinamsukuma: je, ni njaa, ni msiba, ni kufeli mtihani, ni ugomvi wa wazazi? Ashughulikiwe hilo. Na kama mwili wake umeshika pombe kiasi cha kutetemeka anapoikosa, asikatazwe ghafla nyumbani pasipo ushauri, maana jambo hilo laweza kuwa na hatari. Apelekwe kwa waganga wa hospitali.

Shule nazo nina neno nazo, kwa kuwa ni kazi niliyosomea. Mwalimu asingoje mtoto aanguke. Mwalimu huona mapema: macho mekundu Jumatatu asubuhi, daftari lililoachwa tupu, rafiki wapya wakubwa kwa umri. Na apeleke habari nyumbani mapema. Naye mwalimu asikutwe kilabuni na wanafunzi wake wakimtazama, kwa maana somo hilo hulikumbuka kuliko yote aliyowafundisha ubaoni.

Ndugu wananchi,

Wako watakaosema, "Haya maneno tumeyasikia, lakini kesho mtu atarudia yale yale." Pengine ni kweli kwa baadhi yetu. Mapatano hayatavunjika kwa sababu mtu mmoja ameyavunja. Yatavunjika wenzake tisa wakinyamaza. Ndiyo maana siwaombi mnipigie makofi. Makofi hayamrudishi mtoto nyumbani.

Ninaloomba ni hili. Kila balozi, kabla ya mwezi huu kwisha, aziite nyumba zake kumi. Ayasome mapatano haya matano. Kila nyumba iseme yenyewe, mbele ya wenzake, kama inakubali. Asiyekubali asilazimishwe, aulizwe sababu, asikilizwe, aachiwe muda. Wanaokubali waandikwe, na watoto wenyewe wawepo na wasikie, ili wajue kwamba wazazi wao wamepatana kwa kuwapenda, si kwa kuwachukia. Kisha baada ya miezi mitatu tukutane tena hapa, kila balozi aeleze yametimizwa mangapi na yameshindikana mangapi. Tukifanya hivyo, Desemba itakapokuja na makreti yake itatukuta tumesimama.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza maneno yangu. Naomba uyaweke mapatano haya mbele ya mkutano, moja baada ya jingine, na wazazi wayajadili. Naomba uanze na lile la nne.